Je, wajua kwa nini kusaga kichocheo (dutu inayoharakisha mmenyuko wa kemikali) zaidi si lazima kuongeze oksijeni?

Pitisha umeme kwenye maji: haidrojeni itatoka upande mmoja, oksijeni upande wa pili. Kinadharia volti 1.23 zinatosha. Kwa vitendo hazitoshi, na mbishi ni upande wa oksijeni, kwa sababu kila molekuli yake haitoki mpaka elektroni nne ziondolewe. Ndiyo maana elektrodi (vipande vinavyopitisha umeme kwenye maji) hupakwa kichocheo kilicho katika chembe za nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita).

Kwa nini ndogo hivyo? Kwa muda mrefu nilijibu bila kusita: nazi isiyokunwa haitoi tui. Hesabu yenyewe inavutia. Mchemraba wa sentimita 1 una uso wa sentimita za mraba 6. Ukikatwa uwe vijichemraba vya nanomita 10, uso unafika mita za mraba 600, yaani kiwanja kizima cha 20 kwa 30 ndani ya kijiko cha chai. Nikahitimisha kwamba kadiri chembe inavyopungua ndivyo oksijeni inavyoongezeka, bila kikomo.

Nilikosea, tena mara mbili.

Kosa la kwanza ni la kipimo. Mwaka 2009 watafiti wa Berkeley, California, walijaribu oksidi ya kobalti ya saizi tatu kwenye alkali: takriban nanomita 47, 21 na 6. Ili kupata mkondo uleule, umeme wa ziada uliohitajika juu ya zile volti 1.23 ulishuka kutoka milivolti 382 hadi 363, kisha 328. Chembe imepungua karibu mara 8. Kilichookolewa ni milivolti 54. Kiwandani hizo si haba, ila mimi nilitarajia muujiza.

Kosa la pili ndilo lenye utamu: nilidhani uso wote ni sawa. Mchemraba wa atomu 10 kila upande una atomu 1,000. Kati ya hizo 488 ziko nje, na 104 ziko kwenye kingo na kona. Atomu ya kona ina majirani wachache, hivyo hung'ang'ania chochote kinachoigusa. Ni kama konda wa daladala. Konda anayekataa abiria hana biashara, lakini anayepakia halafu hashushi hana biashara vilevile: viti vimejaa, watu wanapiga kelele "shusha!", na kituoni foleni haisogei. Ukisaga sana unaajiri makonda wengi, wengi wao wa aina hiyo ya pili.

Angalau ndivyo nadharia inavyosema. Katika utoaji wa oksijeni ushahidi haujanyooka, maana umeme huo huo huoksidisha metali (huiunganisha na oksijeni) na kuuchonga upya uso wake, kwa hiyo kona uliyoihesabu kabla ya jaribio huenda baadaye isiwepo.

Mwaka 2012, watafiti wa Berlin walilinganisha chembe ndogo na metali nzima na kupata majibu matatu kwa metali tatu. Iridi ilifanya kazi karibu sawa katika hali zote mbili. Chembe za platini zilikuwa dhaifu kuliko platini nzima. Chembe za ruteni hazikudumu, ziliharibiwa na kutu kazini, na hilo si ajabu sana: atomu yenye majirani wachache ina wachache wa kuishikilia.