Kuivunja Hewa Ukaa kwa Plazma

Gusa taa ya tyubu, zile za zamani zinazopepesa kabla ya kuwaka. Kioo chake ni vuguvugu tu, ilhali ndani yake zinakimbia elektroni zenye joto la nyuzi 10,000 na ushei. Huungui kwa sababu elektroni ni nyepesi mno. Ukiipima na molekuli ya hewa ukaa, ni kama punje moja ya mchele mbele ya kilo mbili nzima: inagonga, inadunda, molekuli karibu haisogei. Gesi ambayo umeme umezing'oa baadhi ya elektroni zake hivyo ndiyo plazma, na mimi miaka yangu ya utafiti nimeitumia kuiigiza kwenye kompyuta.

Lengo ni kuivunja hewa ukaa. Ukiitoa oksijeni moja, inabaki kabonimonoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Kiwandani ni mali: ukiichanganya na haidrojeni unapata methanoli, hata mafuta ya ndege. Umeme wa jua na upepo unaozidi mahitaji unaweza kuwekwa akiba kwa njia hiyo. Kinachonikosesha usingizi ni hesabu moja tu: katika kila uniti ya umeme, kiasi gani kinavunja molekuli na kiasi gani kinapotea bure?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Taasisi ya Kurchatov, Moscow, waliripoti ufanisi wa zaidi ya asilimia 80. Walieleza kwamba elektroni zinazosukumwa na mawimbi ya maikrowevu huzitikisa molekuli huku gesi yenyewe ikibaki baridi kiasi. Mtikisiko hupanda ngazi kwa ngazi mpaka kifungo kinachoishikilia oksijeni kinakatika. Maelezo hayo yalivutia kweli, na modeli nyingi za fani yetu zilijengwa juu yake, nyingine zikihesabu ngazi 21 za mtikisiko wa aina moja tu.

Baadaye maabara, ikiwemo ya Eindhoven, Uholanzi, zilipima kwa leza, maana kipimajoto cha kawaida kingeyeyuka. Katikati ya plazma mlikuwa na nyuzi 3,000 na kupita. Kwenye joto hilo molekuli hupasuka zenyewe kwa moto, na kwa njia hiyo ufanisi hukomea karibu na nusu. Tulilazimika kuzifumua modeli na kuanza upya. Sioni aibu kusema hivyo, maana modeli isiyokubali kukosolewa na kipimo haina kazi.

Sasa hesabu zangu ziko kwenye njia ya kutokea. Gesi moto hupitishwa kwenye tundu jembamba lililopozwa kwa maji. Ikipoa polepole, kabonimonoksaidi hukutana tena na oksijeni na hewa ukaa inarudi kama ilivyokuwa. Nafasi tuliyo nayo ni milisekunde chache, kwa hiyo kwenye kompyuta nalipanua na kulibana tundu hilo, nikiangalia ni umbo lipi linaiwahi gesi kabla oksijeni haijairudia.