Piano Inaponyamaza: Ellington na Coltrane, 1962

Wanafunzi wangu wa piano wakiniuliza jazi waanzie wapi, nawapa albamu ya mpiga piano Duke Ellington na mpiga saksafoni John Coltrane. Wengi hurudi wamenuna kidogo. "Mwalimu, mbona huyu mzee hapigi?" Hapo ndipo somo linapoanza.

Ilirekodiwa tarehe 26 Septemba 1962 kwenye studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, kwa ajili ya kampuni ya rekodi ya Impulse. Ellington alikuwa na miaka 63. Coltrane alikuwa ametimiza 36 siku tatu tu kabla. Kila mmoja alikuja na watu wake: mzee na Aaron Bell wa besi na Sam Woodyard wa ngoma, kijana na Jimmy Garrison na Elvin Jones, kisha wakawa wanapokezana wimbo hadi wimbo.

Sikiliza wimbo wa kwanza, "In a Sentimental Mood", ambao Ellington aliutunga mwaka 1935. Mkono wa kulia unadondosha noti chache upande wa juu wa piano, matone hasa, na unazirudia zile zile. Muziki wenyewe, kule chini, una sauti inayoshuka nusu hatua kwa nusu hatua, na mpiga piano wa kawaida angeijaza kwa vidole vyote kumi ili ajulikane yupo. (Mimi nimeifanya dhambi hiyo miaka mingi hotelini, tena nikapigiwa makofi.) Ellington anaacha pengo. Saksafoni inapoingia, inakuta nafasi imeshatandikwa, na Coltrane, ambaye miaka hiyo alizoea kumwaga noti kama mvua ya masika, anaimba melodi karibu kama ilivyoandikwa. Matone yanaporudi mwishoni, hayajabadilika.

Halafu nenda kwenye "Take the Coltrane". Ni bluzi ya haraka, mtego mtupu. Piano inasaidia kutaja melodi, inamsindikiza Coltrane kidogo, kisha inajiondoa. Anabaki yeye, Garrison na Jones, yaani nyumbani kwake. Sidhani mzee alishindwa kuwafuata. Mwezi huo huo alikuwa amerekodi na Charles Mingus wa besi na Max Roach wa ngoma, na humo piano inang'ata. Alijua tu kwamba pale chodi zake, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zingekuwa kelele.

Coltrane alikuwa mtu wa kurudia rudia studioni. Siku hiyo hakupata nafasi hiyo sana, na baadaye alikiri kwamba angependa kuzirudia nyimbo hizo, ingawa alijua zingepoteza ule ubichi. Kwa sikio langu ubichi huo unasikika zaidi kwenye "My Little Brown Book", uliotungwa na Billy Strayhorn, ambako saksafoni inavuta pumzi ndefu kuliko wimbo unavyodai. Nyimbo zilizobaki ni nzuri tu, sina la kubishana nazo.

Jambo moja la kumalizia. Mwaka 1954 Coltrane alipiga kwenye bendi ya Johnny Hodges, mpiga saksafoni aliyetumikia orkesta ya Ellington kwa miongo kadhaa. Sikiliza tena anavyoiacha noti ndefu ififie kwenye wimbo wa kwanza, kisha tafuta rekodi yoyote ya polepole ya Hodges, uziweke pamoja.