Kwa nini kirusha roketi hakimpigi teke anayekifyatua?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba anayefyatua roketi begani lazima awe na mwili wa chuma, maana hata bunduki ya kawaida huacha bega likiuma. Ule moto unaolipuka nyuma ya mtutu niliuona kuwa taka tu, kama moshi wa gari. Yote mawili si kweli, na kosa la pili ndilo lililozaa la kwanza.

Tupige hesabu. Risasi ya AK-47 ina gramu 8 hivi na hutoka kwa mita 715 kwa sekunde. Kombora la RPG-7, silaha ya Kisovieti ya mwaka 1961, lina kilo 2 na ushee na huacha mtutu kwa mita 115 hivi kwa sekunde. Zidisha uzito kwa kasi: msukumo wake ni kama mara 40 ya ule wa risasi. Teke la namna hiyo lingevunja bega.

Halivunji kwa sababu mtutu uko wazi pande zote mbili. Simama ndani ya mtumbwi, rusha jiwe zito mbele: mtumbwi utarudi nyuma. Sasa rusha mawili yaliyo sawa kwa wakati mmoja, moja mbele na moja nyuma. Mtumbwi hauendi popote. Gesi ya baruti ndiyo jiwe la nyuma. Ni nyepesi kuliko kombora, lakini hutoka kwa kasi kubwa mno, na kasi hiyo hufidia uzito. Kwa hiyo ule moto ni nusu ya kazi yenyewe. Mizani haiwi kamili kabisa, ila kinachobaki bega hukibeba.

La kushangaza, kinacholitoa kombora la RPG-7 mtutuni si roketi. Ni baruti ya kwanza. Injini ya roketi huwaka kombora likiwa limefika mita 11 hivi mbele, ili isimuunguze mfyatuaji uso.

Gharama yake huangukia aliye nyuma. Gesi hiyo huua, na ukuta ulio karibu huirudisha kwa mfyatuaji. Ndiyo maana Armbrust, kirusha kombora cha Ujerumani, hutupa nyuma vipande vya plastiki, na toleo moja la AT4, kirusha cha Sweden, hutupa maji ya chumvi: jiwe la nyuma lililo zito na la polepole. Cleland Davis, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, alikwisha kulifikia wazo hilo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mzinga wake ulitupa nyuma grisi na punje za risasi, uzito sawa na wa kombora.