Je, wajua kwa nini wahama chama wa India hujiuzulu kwanza?

Machi 2020, serikali ya chama cha Congress katika jimbo la Madhya Pradesh, India, ilianguka bila kura hata moja kupigwa bungeni. Aliyeiangusha, Jyotiraditya Scindia, hakuwa na kiti katika bunge lolote wakati huo.

Scindia alikuwa mbunge wa Guna katika bunge la taifa tangu 2002, akirithi kiti cha baba yake, Madhavrao, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 2001. Mwaka 2019 alibwagwa na mgombea wa BJP, chama kinachopingana na Congress, kwa zaidi ya kura 125,000. Tarehe 10 Machi 2020 akatoka Congress, na kesho yake akapokea kadi ya BJP. Kwa kuwa hakuwa na kiti, hakuwa na cha kunyang'anywa. Kazi ilikuwa kwa wabunge wa jimbo 22 waliomfuata.

Hao walibanwa na Jedwali la Kumi la katiba, lililoongezwa mwaka 1985. Kabla ya hapo watu walihama watakavyo: mwaka 1967 Gaya Lal wa Haryana alibadili upande mara tatu ndani ya wiki mbili. Chini ya Jedwali hilo, mbunge akikiacha kwa hiari chama kilichompa tiketi, au akipiga kura kinyume cha agizo la mnadhimu wa chama, anapoteza kiti. Husalimika tu ikiwa theluthi mbili ya wabunge wa chama chake wamekubali kuungana na chama kingine. Zamani theluthi moja iliyojitenga ilitosha; mlango huo ulifungwa mwaka 2003.

Congress ilikuwa na wabunge 114, hivyo theluthi mbili ni 76. Watu 22 hawafiki popote. Lakini sheria haimzuii mtu kujiuzulu, na hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Bunge lenye viti 230 lilikuwa na wabunge 228, viti viwili vikiwa wazi, na wingi ulikuwa 115. Congress na washirika wake saba walikuwa 121, BJP 107. Waondoe 22: wanabaki 206, wingi unashuka hadi 104. Congress na washirika wana 99. BJP, bila kuongeza mtu hata mmoja, imeshinda.

Kwa nini wasingoje kufukuzwa? Kwa sababu mabadiliko yaleyale ya 2003 yanamzuia aliyevuliwa ubunge kwa kuhama asiwe waziri mpaka achaguliwe tena. Aliyejiuzulu mwenyewe hana kizuizi hicho. Anaweza kuapishwa na kukaa miezi sita bila kiti.

Kinachokwamisha mpango ni Spika, maana barua ya kujiuzulu haina nguvu mpaka aikubali. Wa Madhya Pradesh alianza na barua za mawaziri sita, akazishikilia nyingine 16 hadi 19 Machi, Mahakama ya Juu ilipoagiza kura ipigwe kesho yake. Waziri Kiongozi Kamal Nath, mkuu wa serikali ya jimbo, alipiga hesabu, akajiuzulu kabla ya kura.

Miezi sita nayo ina meno. Tulsi Silawat na Govind Singh Rajput waliapishwa uwaziri Aprili, lakini uchaguzi mdogo ulisukumwa hadi Novemba, ikawabidi waachie wizara Oktoba. Wao walishinda na kurudi. Imarti Devi, waziri mwenzao, aliangushwa katika kiti chake cha Dabra. Kwa jumla BJP ilichukua viti 19 kati ya 28 vilivyokuwa wazi wakati huo.

Scindia aliingia baraza la juu, Rajya Sabha, Juni 2020. Mwaka uliofuata akawa waziri wa usafiri wa anga, wizara aliyowahi kuishika baba yake. Mwaka 2024 aliirudisha Guna kwa tofauti ya zaidi ya kura 540,000, safari hii kwa tiketi ya BJP.

Bibi yake mzaa baba, Vijaya Raje Scindia, alikuwa amefanya hivyohivyo katika jimbo lilelile mwaka 1967: aliihama Congress na serikali ya D. P. Mishra ikaanguka. Sheria haikuwepo, kwa hiyo wabunge waliomfuata walivuka na viti vyao.