Bayocha mashambani mwa Bukavu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

"Bayocha ni makala tu, na makala ni miti." Jibu hili hutolewa upesi katika vijiji vya Kabare na Walungu, mashariki mwa Kongo, wakulima wanaposhauriwa kutengeneza bayocha, yaani makaa ya kuboresha udongo, na hofu iliyomo ndani yake ina msingi, kwa kuwa makala (makaa ya kupikia) yanayowashwa katika mbabula, yaani majiko, za mji wa Bukavu yamechangia kuviacha vilima vingi uchi na kuusogelea msitu wa Kahuzi-Biega. Hata hivyo, bayocha haihitaji gogo hata moja. Hupatikana kwa kuyachoma mabaki makavu ya mimea penye hewa kidogo, kwa joto la nyuzi 350 hadi 700 hivi za Selsiasi, na mabua ya mahindi, magunzi au maganda ya kahawa kutoka Idjwi na Kalehe yanafaa kabisa.

Wengine huamini kwamba bila tanuru ya chuma hakuna bayocha. Ukweli ni kwamba jembe linatosha: chimba shimo lenye umbo la faneli, upana wa mita 1.5 juu na kina cha sentimita 80 hivi, washa moto chini kabisa, kisha ongeza mabua tabaka kwa tabaka, kila mara tabaka la juu linapoanza kuota majivu meupe. Mwali wa juu huimaliza hewa kabla haijafika chini, na huziunguza gesi ambazo katika tanuru ya udongo ya wachoma makala hutoka kama moshi mzito kwa siku kadhaa. Moshi ule ni nishati inayopotea, na kifua cha anayeuvuta hulipa gharama yake. Shimo likijaa, zima kwa maji mengi, la sivyo utakuta majivu asubuhi. (Pumba za mpunga wa bonde la Ruzizi hulisonga shimo, hizo hurundikwa kuzunguka bomba la bati lililotobolewa, moto ukiwa ndani yake.)

Kwamba kazi hii inakula nishati nyingi, si kweli, mradi mabua yawe makavu. Kinachokula joto ni maji: kuivukiza kilo 1 ya maji kunahitaji megajuli 2.3 hivi, joto ambalo lingeyageuza mabua mengine kuwa bayocha. Kwa hiyo yakaushwe kati ya Juni na Agosti, au yawekwe chini ya paa, hadi bua likipindwa livunjike kwa mlio. Lipo pia jiko la makopo mawili, moja ndani ya jingine, linalowashwa kutoka juu, ambalo huivisha chakula na kubakiza bayocha kidogo, ya kutosha bustani ya mboga, si shamba zima.

Dhana inayowaumiza wakulima zaidi ni kwamba bayocha yenyewe ni mbolea. Ikitiwa udongoni ikiwa mbichi, inaweza kuinasa naitrojeni, kirutubisho cha mimea, na kuyaacha mahindi yakiwa ya manjano, na mkulima akaiacha kwa sababu ya msimu mmoja mbaya. Ichanganywe kwanza na samadi, mboji au mkojo kwa wiki mbili au zaidi. Udongo mwekundu wenye asidi wa Walungu hufaidika nayo kuliko udongo mpya wa volkano wa kule Goma, ambao tayari una rutuba yake. Na kwa kuwa haitatosha kutandazwa shamba lote, iwekwe viganja viwili katika kila shimo la kupandia, pale mizizi inapoanzia.