Kamera Mbovu na Paa Fupi: Nani Anakagua Viwanda vya Silaha za Nyuklia vya Marekani?

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2012, watu watatu walishuka kilima chenye miti nje kidogo ya mji wa Oak Ridge, jimbo la Tennessee, wakiwa na mkasi wa kukatia nyaya, nyundo, rangi na chupa za damu. Mkubwa wao kwa umri alikuwa Sista Megan Rice, mtawa wa Kikatoliki wa miaka 82 aliyefundisha shule kwa miongo kadhaa Nigeria na Ghana. Wenzake, Michael Walli na Greg Boertje-Obed, walikuwa na miaka 63 na 57. Walikata uzio mmoja baada ya mwingine. Kengele za tahadhari zikalia, nao wakaendelea kutembea mpaka wakafika kwenye ukuta wa jengo ambamo Marekani inahifadhi akiba yake kubwa ya urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha kuundia mabomu. Wakaandika ukutani ujumbe wa amani, wakamwaga damu, wakagonga ukuta kwa nyundo. Jengo hilo lilikuwa limeanza kutumika miaka miwili tu kabla, nalo liligharimu dola milioni 549.

Wengi waliosimulia tukio hilo walibaki wakimshangaa bibi aliyewapita walinzi wenye bunduki. Sisi tunaofanya kazi ya ukaguzi wa fedha za umma tunalisoma kwa jicho jingine. Ripoti zilizofuata zinaonyesha wazi kwamba huwezi kukagua ulinzi wa mahali kama pale bila kukagua mikataba yake, wala huwezi kukagua mikataba ukiwa ofisini bila kwenda kutazama uzio. Ndiyo sababu nimeona niieleze kesi hii kwa kina, ingawa imetokea mbali na kwetu.

Kiwanda chenyewe kinaitwa Y-12. Kilijengwa mwaka 1943 wakati wa Vita Kuu ya Pili, na urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima ilirutubishwa hapo. Sehemu kubwa ya madini ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na vibarua wa Kikongo ambao lugha yao ya mgodini ilikuwa Kiswahili. Leo Y-12 inashughulikia sehemu za urani za vichwa vya nyuklia, na pia inatoa urani ya mitambo ya manowari za jeshi la majini. Kabla ya usiku ule, kilihesabiwa miongoni mwa maeneo yanayolindwa vizuri kuliko yote nchini Marekani.

Mwezi mmoja baadaye, Agosti 2012, ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Nishati, iliyokuwa ikiongozwa na Gregory Friedman, ilitoa ripoti yake. Si ndefu, na haikumung'unya maneno. Kamera iliyotakiwa kuonyesha eneo walilopitia ilikuwa mbovu kwa takriban miezi sita. Kengele za uongo zilikuwa nyingi, kwa wanyama wa porini na kwa upepo, hata walinzi wakazoea kuzisikia bila kushtuka. Mlinzi aliyekuwa ndani ya jengo alisikia nyundo zikigonga, akadhani ni mafundi wa matengenezo wameingia kazini bila kutoa taarifa, wakati kulikuwa bado hakujapambazuka. Askari wa kwanza kufika kwa gari hakuwaona wavamizi mpaka walipomsogelea, na hata hapo hakuwadhibiti mara moja.

Mkaguzi alipouliza kwa nini kamera ilikaa mbovu nusu mwaka, jibu lilikuwa kwenye mikataba. Serikali ilikuwa na mkataba na kampuni moja ya kuendesha kiwanda, B&W Y-12, na mkataba mwingine na kampuni ya walinzi, WSI Oak Ridge. Vifaa vya ulinzi vilikuwa chini ya kampuni ya kwanza, na waliovitegemea kwa usalama wa kazi yao walikuwa chini ya ya pili. Ni kama mwenye nyumba aliyemkodi mlinzi kutoka kampuni moja na fundi wa taa kutoka nyingine: taa ikiungua, mlinzi anaandika kwenye daftari, fundi anasema ana kazi za haraka zaidi, na mwenye nyumba anapelekewa ankara mbili zilizonyooka. Pale Oak Ridge, matengenezo ya kamera yaliwekwa kwenye foleni pamoja na mengine, na badala ya kamera wakatumia askari wa doria. Hatua hiyo ya muda iligeuka kuwa ya kudumu. Baada ya uvamizi, vifaa vingi vilivyokuwa vikisubiri fundi vilitengenezwa ndani ya siku chache. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika ripoti ile, maana linathibitisha kuwa fedha na mafundi walikuwepo muda wote.

Swali linalofuata ni walikuwa wapi maofisa wa serikali. Walikuwepo pale pale kiwandani. Lakini miaka michache kabla, wizara ilikuwa imeanzisha utaratibu wa kumwachia mkandarasi ajitathmini mwenyewe, ofisa wa serikali atazame bila kuingiza mkono. Baadhi ya maofisa walimwambia mkaguzi wazi kwamba walijiona hawana tena ruhusa ya kuuliza kazi inafanywaje, wanatakiwa waangalie matokeo tu. Utaratibu huo ulitetewa kwa hoja ya kupunguza urasimu na gharama. Naelewa hoja hiyo. Kila aliyewahi kuandaa majibu ya hoja za ukaguzi anajua zinavyokula muda. Lakini matokeo ya ulinzi ni kutotokea kwa kitu, na kitu kisichotokea hakimpi mkaguzi chochote cha kupima. Ukiacha kuuliza namna kazi inavyofanywa, unabaki na taarifa ya mkandarasi kuhusu mkandarasi.

Hata mitihani ya walinzi haikusalimika. Wiki chache baada ya uvamizi, wakaguzi wa wizara walikwenda kuwapima walinzi ujuzi wao. Ndani ya gari la doria wakakuta nakala ya jaribio lenyewe pamoja na majibu yake. Jaribio hilo lilikuwa limetumwa mapema kwa baruapepe ili viongozi walipitie, likaishia mikononi mwa wale waliotakiwa kulifanya. Na halikuwa jambo geni hapo. Mwanzoni mwa 2004 ofisi hiyo hiyo ya Mkaguzi Mkuu ilikuwa imeripoti kwamba, kabla ya mazoezi ya Juni 2003 ya kupima uwezo wa kuzuia shambulio, baadhi ya walinzi wa Y-12 walionyeshwa mapema shambulio la kuigiza litakavyokuwa. Kati ya ripoti hizo mbili ilipita miaka minane. Hoja ya ukaguzi inaweza kufungwa kwenye jedwali la utekelezaji na tatizo likabaki zima, jambo ambalo wasomaji wa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) wanalifahamu.

Hapa inafaa nieleze kwa kifupi ngazi za usimamizi, maana majina ni mengi. Silaha za nyuklia za Marekani zikiwa mikononi mwa jeshi, msimamizi ni Wizara ya Ulinzi. Kuziunda na kuzitunza viwandani ni kazi ya Wizara ya Nishati, kupitia mamlaka yake iitwayo NNSA, iliyoanzishwa na Bunge kwa sheria ya mwaka 1999 baada ya kashfa za usalama kwenye maabara ya Los Alamos. NNSA ina watumishi wa serikali wasiozidi elfu chache, ilhali wafanyakazi wa makandarasi wake ni makumi ya maelfu, na bajeti yake ya mwaka wa fedha 2024 ilikuwa takriban dola bilioni 24. Ndani ya wizara yupo Mkaguzi Mkuu. Nje ya wizara ipo GAO, ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge, ambayo tangu 1990 imeiweka mikataba ya wizara hiyo kwenye orodha yake ya maeneo hatarishi zaidi kwa fedha za umma. Ipo pia bodi huru ya usalama wa viwanda hivyo, iliyoundwa mwaka 1988, ambayo hutoa mapendekezo bila kuwa na nguvu ya kulazimisha. Juu ya wote zipo kamati za Bunge. Septemba 2012 kamati ya Baraza la Wawakilishi iliposikiliza shauri la Y-12, Sista Megan alikuwa amekaa ukumbini, na wabunge wakamshukuru kwa kufichua udhaifu huo. Hata hivyo mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi 35, na wenzake miezi 62. Mei 2015 mahakama ya rufaa ilitengua kosa la hujuma wakaachiwa.

Katika kiwanda hicho hicho cha Y-12, mwaka huo huo wa 2012, lilifichuka jambo jingine. NNSA ilikuwa inasanifu jengo jipya la kuchakata urani, UPF. Makadirio ya mwanzo, katikati ya miaka ya 2000, yalikuwa kati ya dola milioni 600 na bilioni 1.1. Kufikia 2010 yalikuwa yamepanda hadi kati ya bilioni 4.2 na 6.5. Kisha, usanifu ukiwa umekwenda mbali, ikagundulika kwamba mitambo iliyokusudiwa haiwezi kuenea ndani ya jengo. Paa lilipaswa kuinuliwa futi 13, na kuta kuongezwa unene. Marekebisho hayo pekee yalikadiriwa kugharimu zaidi ya nusu bilioni ya dola. Makandarasi wadogo walikuwa wamesanifu kila mmoja kipande chake, na mkandarasi mkuu hakuviunganisha ipasavyo.

Tazama jinsi habari hizi mbili zinavyofanana. Kwenye uzio, mwenye kamera na mwenye bunduki hawakuwa chini ya mtu mmoja. Kwenye paa, mwenye mitambo na mwenye jengo hawakukaa meza moja. Katika kesi zote mbili serikali ilikuwa inalipa, na taarifa za maendeleo zilikuwa zinakwenda juu zikisema mambo yanaendelea. Mwaka 2018 mradi ulipitishwa upya kwa dola bilioni 6.5, ukamilike 2025. Tangu hapo gharama imevuka bilioni 10, na ukamilishaji umesogezwa mpaka baada ya 2030. Kule Carolina Kusini mambo yalikuwa mabaya zaidi: kiwanda cha kugeuza plutoniamu ya silaha kuwa fueli ya umeme kilianza kujengwa 2007, kikameza mabilioni ya dola, kikafutwa 2018 kabla hakijakamilika.

Huenda msomaji akauliza, je, mambo haya si siri ya taifa? Sehemu ni siri. Wakaguzi wanaoingia humo hupewa vibali maalumu, na ripoti huandikwa kwa matoleo mawili, moja la wenye vibali na jingine la wananchi. Michoro ya silaha, idadi ya askari wa zamu na mapengo ambayo hayajazibwa hubaki kwenye toleo la kwanza, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Lakini bei ya jengo, jina la mkandarasi na muda ambao kamera iliyokwisha kutengenezwa ilikuwa imekaa mbovu si vitu vya kumsaidia adui. Sheria inaitaka pia ofisi ya bajeti ya Bunge kukadiria kila baada ya miaka miwili gharama ya silaha za nyuklia kwa miaka kumi ijayo: kadirio la 2023 lilikuwa dola bilioni 756, na la 2025 likafika bilioni 946. Uingereza nayo ilipata ripoti ya aina hiyo Januari 2020, pale ofisi yake ya ukaguzi ilipoonyesha kuwa miradi mitatu ya majengo ya nyuklia imezidi bajeti kwa jumla ya pauni bilioni 1.35. Korea Kaskazini hakuna ripoti ya namna hiyo inayomfikia mwananchi.

Afrika si watazamaji tu katika suala hili. Afrika Kusini iliunda mabomu sita, ikayavunja yenyewe, na Machi 1993 Rais F. W. de Klerk akatangaza hadharani. Urani yake ilibaki kwenye kituo cha Pelindaba, karibu na Pretoria. Novemba 2007 watu wenye silaha walivuka uzio wa umeme wa kituo hicho, wakafika hadi chumba cha udhibiti wa dharura, wakampiga risasi mfanyakazi, wakatoroka. Jina la Pelindaba ndilo linalobebwa na mkataba unaoifanya Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia, ambao ulitiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika 15 Julai 2009, Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuridhia. Kifungu chake cha 10 kinazitaka nchi wanachama kuweka kiwango cha juu cha ulinzi wa vifaa na vituo vya nyuklia. Kifungu hicho kinazihusu Tanzania, Kenya na Burundi pia, nchi ambazo hazikuwahi kutaka bomu, na kinahitaji mtu wa kukikagua mwaka hadi mwaka.

Huko Marekani, ofisi iliyoandika ripoti ya Y-12 imepita katika msukosuko. Januari 2025 Rais Trump aliwaondoa kwa mpigo wakaguzi wakuu wa wizara na taasisi zaidi ya kumi na tano, akiwemo wa Wizara ya Nishati, bila kutoa taarifa ya siku 30 kwa Bunge kama sheria inavyotaka. Mwezi uliofuata, watumishi kadhaa wa NNSA wakapewa barua za kuachishwa kazi, kisha wengi wao wakatafutwa warudi baada ya siku chache. Septemba 2025 jaji wa shirikisho aliamua kuwa kuondolewa kwa wakaguzi wale kulikiuka sheria, lakini hakuamuru warudishwe kazini. Ujenzi wa UPF haujasimama wala malipo yake hayajasimama, na kila mwezi ofisi ya Mkaguzi Mkuu inapokosa mtu mwenye uhakika wa kiti chake ni mwezi ambao taarifa za mkandarasi zinapita bila kuulizwa maswali.