Maana ya Mmea Unaostahimili Ukame katika Bustani ya Uani

Mmea unaostahimili ukame ni ule ambao, ukishashika mizizi, huweza kukaa muda mrefu bila mvua wala kumwagiliwa, kisha ukaendelea kukua na kuzaa maji yanaporudi. Maneno yanayosahaulika hapo ni "ukishashika mizizi". Mche wa mlonge uliotoka kitaluni jana hauna ustahimilivu wowote. Ni heri upandwe mvua zinapoanza, ili kiangazi kiukute na mzizi mnene uliokwisha kushuka chini na kuweka akiba yake ya maji.

Tuchukue mfano wa Dodoma. Mji huo hupata mvua ya takribani milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba, kwa hiyo tuta la ukubwa huo hupata takribani lita 570, kisha hukaa zaidi ya nusu ya mwaka likingoja. Anayechagua mimea ya uani hana budi kujua kila mmea utaipitishaje miezi hiyo, kwa sababu njia zao hazifanani.

Mshubiri hufunga vitundu vya majani yake mchana na kuvifungua usiku, wakati hewa imepoa na maji hayapotei kwa wingi. Ukilikata jani lake katikati ya kiangazi, ute bado unachuruzika. Mtama una nta inayozuia maji kutoka, na jua likizidi hukunja majani na kusimamisha ukuaji mpaka mvua irejee. Muhogo hupukutisha sehemu ya majani yake, jambo linalomtia hofu mkulima mgeni ingawa mmea haujafa. Mbaazi hufuata unyevu kwa mzizi mrefu. Ukisimama kando ya tuta la kunde saa saba mchana utaona majani yamejigeuza, ukingo ukielekea jua badala ya uso wa jani. Choroko, kusema kweli, haistahimili bali hukwepa: hukomaa kwa takribani siku 60 hadi 75, na ukame unapopamba moto imekwisha kuvunwa.

Kustahimili ukame si sawa na kubana matumizi ya maji, na kosa hili huwagharimu wengi. Mkaratusi hubaki kijani wakati majirani zake wamenyauka, lakini hufanya hivyo kwa kunywa maji mengi ya ardhini, yakiwemo ambayo mboga zako zingeyapata. Kwa maoni yangu, mti huo hauna nafasi katika uwanja mdogo, hata akiusifia muuza miche. Mwarobaini nao ni mti mzuri wa kivuli, mradi ukae mbali na matuta.

Haimaanishi kwamba kabichi na nyanya ziachwe. Zipandwe pamoja, mahali pamoja, karibu na jiko, ambapo maji yaliyooshea mboga yanaweza kumwagwa bila safari ndefu, na udongo wake ufunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu. Mbaazi na mlonge zikae ukingoni mwa uwanja, ambako hakuna anayefika na ndoo kila jioni. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole ardhini kufikia kiungo cha pili. Kikitoka na udongo ulionata, acha mpaka kesho, hata kama juu pameonekana pakavu.

Kuchanganya makundi hayo huharibu pande zote mbili. Mshubiri uliopandwa kwenye tuta la kabichi, katika udongo wa mfinyanzi unaomwagiliwa kila siku, hulainika shinani, majani ya chini yakawa ya kahawia, na ukiushika unang'oka mkononi kwa sababu mizizi imeoza.